Jembe la wachelewaji

Mwezi huu naomba nafasi niandike juu ya jambo la nyumbani kwetu. Wengine mtacheka, wengine mtanikasirikia. Yote ni sawa, mradi msome mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Rwamwanja. Nafundisha hesabu darasa la tano, na saa mbili kwa wiki nafundisha Kiswahili. Muhula uliopita niliwapa watoto insha: "Kazi nitakayofanya nikiwa mkubwa." Watoto 71, karatasi 71. Nikazibeba nyumbani, nikaanza kusahihisha usiku kwa taa ya sola.

Madaktari walikuwa wengi sana, kambi nzima ingepona. Marubani, madereva wa lori, askari, wanamuziki. Wawili waliandika kwamba watakuwa "mtu wa kuita majina ya wanaokwenda Marekani." Walimu walikuwa wanne tu, na hao niliwahesabu mara mbili. Mkulima, hakuna hata mmoja. Na mimi nawajua wazazi wa watoto hao. Karibu wote asubuhi nakutana nao njiani wana jembe begani.

Halafu nikafika kwa karatasi ya msichana mmoja, mwerevu kabisa, wa kwanza kila mtihani. Aliandika hivi: "Mimi sitakuwa mkulima kwa sababu sichelewagi shule."

Nikasoma tena. Kulima na kuchelewa vinahusianaje? Nikafikiri mtoto amechanganya sentensi mbili. Kumbe hakuchanganya kitu. Shuleni kwetu anayechelewa anapewa jembe. Anapimiwa kipande katika bustani ya shule, analima mpaka amalize, wenzake wako darasani wanasoma. Anayepiga kelele, jembe. Anayekosa kuleta daftari, jembe. Na mimi mwenyewe nimewapimia wengi, tena nimekuwa mkali kuliko walimu wengine. Sasa mtoto ambaye tangu darasa la kwanza anaona jembe linatolewa kwa mwenye kosa tu, ataandika nini?

Nilicheka. Nikaenda kumsomea mama, aliyekuwa jikoni anapepeta maharagi. Nilifikiri naye atacheka. Akanyamaza kidogo, mikono imesimama juu ya ungo, akaniuliza: "Na miye je? Nilichelewaga wapi?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu analima tangu akiwa na miaka sita.

Sisi tumetoka Masisi, Kivu ya Kaskazini. Mnaotoka huko mnajua, udongo ule wa volkano ni mweusi, unatupa maharagi leo, kesho yameota. Mahindi, viazi vile tunavyoita birayi, ndizi, na juu ya milima ng'ombe na jibini ya Masisi inayouzwa Goma yote. Mtu asiyefahamu anaweza kusema watu wa nchi kama ile hawawezi kuacha kulima. Lakini tulianza kuacha zamani, kabla ya vita kutufukuza. Hilo ndilo vijana wengi hapa hawajui, wanafikiri ni kambi iliyotunyang'anya jembe.

Babu alikuwa akisema jembe lilianza kuwa adhabu wakati wa Wabelgiji. Kutoka mwaka 1917 sheria yao ililazimisha watu wa vijijini kulima mazao waliyoamriwa, na asiyefanya alifungwa au alichapwa kiboko. Huko kwetu milimani mashamba makubwa yakawa ya Wazungu, ya chai, kahawa na pareto. Halafu mwaka 1973 Mobutu akachukua mali za wageni akawagawia wakubwa wa Zaire, na mwaka huohuo sheria ikasema ardhi yote ni ya serikali. Mwenye karatasi akapata mlima mzima wa kufugia ng'ombe. Asiye na karatasi akabaki na kipande ambacho babu yake alikilima, lakini kisheria si chake.

Papa alilima hivyo. Kipande chetu kilikuwa ndani ya shamba la tajiri mmoja, na kodi yake ilikuwa salongo. Wazee mnakumbuka salongo ya Mobutu, kazi ya lazima ya kusafisha barabara na kulima kwa ajili ya taifa. Mobutu aliondoka mwaka 1997, kwetu jina likabaki: siku mbili kwa wiki unamfanyia kazi mwenye shamba, ndipo unaruhusiwa kulima lako. Mvua ikianza, siku mbili za kwanza nzuri ni zake. Wewe unapanda nyuma.

Sasa niambieni, kijana anayemwona baba yake namna hiyo, na ng'ambo ya mlima kuna Rubaya, atafanya nini?

Rubaya ndiko kuna koltani, ile inayotumiwa kutengeneza simu na kompyuta. Papa alisimulia kwamba mwaka 2000, bei yake ilipopanda ghafla duniani, vijana walishuka vijijini kama mchwa baada ya mvua. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, lakini wengi hawakurudi shambani. Walikuwa wamekwisha onja pesa inayolipwa jioni. Kaka yangu mkubwa alikwenda mwaka 2009, akiwa na miaka 17. Alichimba, alibeba mifuko kutoka shimoni mpaka mahali pa kuosha, na kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari, sabuni, na siku moja redio. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona kaka ni mtu wa maana kuliko papa. Nasema ukweli, ingawa papa amekwisha kufa. Papa alileta maharagi mara mbili kwa mwaka, na maharagi hayapigi muziki.

Koltani nayo ina adhabu yake. Udongo ulifunika rafiki wawili wa kaka. Hakuwahi kutuambia mpaka tulipofika Uganda.

Mwaka 2012 vita vikachachamaa, kila mlima na bunduki zake. Tukateremka Sake, Goma, tukapita Rutshuru, tukavukia Bunagana, tukalala siku nyingi Nyakabande kule Kisoro, ndipo basi likatuleta Rwamwanja. Nilikuwa na miaka 11. Kambi hii zamani ilikaliwa na Wanyarwanda, kutoka mwaka 1964 mpaka 1995, kisha ikafungwa, ikafunguliwa tena mwezi wa nne mwaka 2012 kwa ajili yetu. Kulikuwa pori. Tukapimiwa mita 50 kwa 50, tukapewa jembe, panga na turubai.

Nitasema jambo la ajabu. Papa alilia siku ile, na si kwa huzuni. Alikuwa hajawahi kulima kipande kisicho na salongo. Alisimama kwenye kona ya kwanza, akatembea mpaka ya pili, ya tatu, ya nne, akarudi, akasema: "Hapa hakuna siku ya mtu." Alikufa mwaka 2014. Misimu yake minne ya hapa ndiyo niliyomwona anaimba akilima.

Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, basi tufanye hesabu. Mita 50 kwa 50 ni mita za mraba 2,500, yaani robo ya hekta. Ondoa nyumba, jiko, choo, bafu na njia, unabaki na kama 2,000. Mwaka mzuri kipande chetu kilitoa magunia matano ya kilo mia kwa msimu. Sisi tulikuwa watu tisa: mama, dada yangu, mimi, kaka na mke wake na watoto wao wanne. Watu tisa wanakula gunia moja na kidogo kwa mwezi. Magunia matano ni miezi minne. Misimu miwili, miezi minane, na hapo hujauza hata debe moja la kununulia chumvi, sabuni, sare za shule, dawa. Huo ni mwaka mzuri. Mwaka 2017 viwavijeshi vipya viliingia mashamba ya Uganda, vikala mahindi mpaka moyo wa mche. Tulivuna gunia moja na nusu.

Na watoto wa kiume wakioa? Gawa 2,000 kwa watatu. Waliokuja nyuma yetu walipimiwa 30 kwa 30, wengine chini ya hapo, na udongo umelimwa mfululizo bila kupumzika. Kwa hiyo wazee wanaposema kila siku kwamba vijana ni wavivu, mimi nakataa. Hata kijana akilima kama trekta, mita haziongezeki.

Kaka aliijua hesabu hiyo bila kwenda shule. Mwezi wa tatu mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti, lakini bei huku ilikuwa imekwisha kuanguka. Mnunuzi akatuambia shilingi 400 kwa kilo, kama hutaki baki nayo yaoze. Magunia matano, shilingi laki mbili kwa kazi ya miezi minne. Kaka alikuwa akiendesha boda boda ya mtu, akibaki na shilingi elfu kumi kwa siku baada ya mafuta. Siku ishirini zilitosha kupata laki mbili hizo.

Akaita kikao cha jamaa. Alitaka tukodishe kipande chote kwa jirani, pesa ya kodi tuiunganishe na zamu yake ya likelemba, anunue pikipiki yake mwenyewe, nyingine alipe polepole. Mama akakataa. Kaka akasema: "Mama, hapa si petu, ni pa serikali ya Uganda. Leo wametupimia, kesho watatupunguzia. Pikipiki itakuwa yetu." Mama akajibu: "Pikipiki inaomba mafuta kila siku. Shamba linaomba mbegu mara mbili kwa mwaka."

Wakanigeukia mimi, mwalimu, mwenye elimu ya sekondari. Nilifikiri haraka haraka, nikasema kaka ana haki. Nikaandika namba kwenye daftari, nikamwonyesha mama. Hajui kusoma namba zile. Aliangalia tu mkono wangu unavyoandika, akasema sawa.

Alibakiwa na kipande karibu na jiko, cha sombe na lengalenga. Kule kwingine jirani akalima. Misimu miwili, halafu mitatu, halafu kaka akaongeza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, siwezi kudanganya. Tulikula nyama Jumapili. Dada alirudi shule. Mama alikaa kivulini mchana, kitu ambacho sikuwahi kukiona, lakini mikono yake haikujua la kufanya. Alikuwa akifagia kiwanja mara tatu kwa siku.

Ndipo ukaja mwaka 2023. Mnaukumbuka vizuri kuliko mimi. Rasheni ya makambi yote ya Uganda ikabadilishwa, jamaa zikagawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza na la pili walipata kidogo kidogo, la tatu hawakupata kitu. Sisi tukawa wa tatu. Labda ni pikipiki, labda ni ualimu wangu wa kujitolea. Wallahi, posho ninayolipwa ukiigeuza posho ya kula haimalizi wiki mbili.

Tukasema hakuna shida, kaka ana pikipiki. Hapo ndipo nilipoona kosa la hesabu yangu. Boda boda inabeba nani? Inabeba mama anayetoka kupokea pesa ya rasheni na gunia lake. Inabeba mtu anayekwenda soko kununua. Rasheni ilipokatwa, watu wakatembea kwa miguu. Kaka akawa anarudi na elfu tatu, siku nyingine na elfu moja. Nikaangalia pande zote, kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mwenye kuchaji simu anasinzia, fundi cherehani anashona viraka. Sisi wote tulioacha jembe tulifikiri kila mtu amepata kazi yake. Kumbe wengi wetu tulikuwa tukila kutoka mfuko mmoja, ule wa msaada, kila mmoja ameshika kona yake. Mfuko ukitikiswa, tunaanguka pamoja. Kwenye daftari langu mwaka 2021 sikuandika namba hiyo, kwa sababu sikuiona.

Na nje ya mlango wetu, hatua kumi tu, mahindi ya jirani yamesimama mazuri, yana ndevu nyekundu. Usiku upepo ukivuma tunayasikia. Asubuhi mama anachukua pesa kidogo, anakwenda dukani kununua unga wa kilo moja. Anapita katikati ya mahindi hayo, mkono hagusi hata jani. Siku moja mtoto mdogo wa kaka alichuma hindi moja bichi. Mama alimshika mkono wakaenda kwa jirani kulirudisha na kuomba msamaha. Jirani akasema lichukueni tu. Mama akakataa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mfukoni.

Hakunilaumu, mpaka leo. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mkataba wa jirani uliisha, tukarudishiwa kipande. Hakuna mtu aliyeita kikao. Mama alitoka tu asubuhi na jembe la papa. Lilikuwa na kutu, mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, akanituma nikate mwingine. Alipanda mahindi na maharagi pamoja, pembeni maboga na mihogo. Kaka hakuacha pikipiki, na sidhani aache. Watoto wanne hawasomi kwa mahindi. Mimi sikuacha chaki. Lakini Jumamosi nalima, vibaya, mistari yangu inapinda, na mama anapita nyuma yangu kurekebisha bila kusema kitu.

Turudi kwa ile insha, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Baada ya swali la mama sikulala vizuri. Nikaenda kwa walimu wenzangu nikaomba tuache kuwapa watoto jembe kama adhabu. Haikuwa rahisi. Mmoja akasema, fimbo imekatazwa, jembe nawe unalikataza, tubaki na nini? Swali la haki. Tukaamua wachelewaji waokote takataka, halafu mwalimu mwingine akauliza, sasa kufagia nako kukiwa adhabu, mama zao wanaofagia watasemaje? Tukacheka, kikao kikaisha hivyo. Kwa sasa wachelewaji wanabaki nusu saa baada ya masomo, na mwalimu wao anabaki nao. Kwa hiyo walimu wenyewe hatupendi wachelewe.

Bustani ya shule tuliigawa. Kila darasa mistari yake, na wanaotangulia kufika asubuhi ndio wanaochagua wapande nini. Darasa langu walichagua karoti, kwa sababu wengi hawajawahi kuiona ikitoka ardhini. Wanaichimbua kila wiki kuangalia kama imekua, basi haikui. Yule msichana wa insha nilimuuliza kama sasa angependa kuwa mkulima. Akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la kijinga, akasema: "Hapana mwalimu. Mimi daktari." Vizuri. Awe daktari. Sikumwandikia alama mbaya, nilimpa 18 juu ya 20, mbili nilikata kwa herufi kubwa.

Wazazi, nawaomba jambo dogo. Jumamosi mtoto akikosea, mtafutieni adhabu nyingine. Na mnaotaka kukodisha kipande chote, msiniite mimi niwaandikie namba.

Jumapili iliyopita kaka alipita kwa wafugaji wa huku, akaja na magunia mawili ya samadi yamefungwa nyuma ya pikipiki, harufu imetangulia mbele yake. Mama akamwambia ateremshe karibu na mihogo. Kaka akateremsha, akapangusa kiti, akasimama. Mama akamuuliza anangoja nini. Akasema: "Nauli."

Mama akafungua fundo la kitenge, akamhesabia shilingi elfu mbili. Kaka akazipokea.